Manifodi ya inteki kwa injini ya turbo: anza na flanji, mengine baadaye

Miezi minne nimehangaika na misi, yaani kuwaka kwa kuruka, kwenye silinda ya nne. Nimebadili plagi, nimebadili koili, injekta nimezipeleka kuoshwa mara mbili, na bado silensa, yaani mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta, inapanda inashuka gari likiwa limesimama tu, nikikanyaga mafuta ndio linatoa moshi mweusi. Kumbe ni manifodi, ile inayogawa hewa kwa kila silinda! Ile manifodi yangu nzuuuri ya bati la alumini, mishono imelala kama mtu kaipanga na rula, ndio flanji imepinda, ule uso unaofungwa kwenye injini. Nimeivua nikaweka rula ya chuma juu ya flanji, fila geji (kibati chembamba cha kupimia pengo) ya milimita 0.3 ikapita pale tundu la nne bila hata kusukumwa. Gasketi gani itaziba hapo jamani.

Kwa hiyo leo sizungumzii hosipawa, sizungumzii uzito wala manifodi gani inapendeza ukifungua boneti, hayo kila muuzaji atakuimbia. Nazungumzia flanji, ule uso unaokaa kwenye silinda hedi.

Tatizo la flanji iliyopinda ni kwamba linakudanganya pande mbili. Injini ikiwa silensa, ndani ya manifodi kuna mvuto, inafyonza hewa ambayo sensa haijaipima, silinda hiyo inakosa mafuta ya kutosha na inamisi. Ukikanyaga, busti, ule msukumo wa hewa wa turbo, inakuja na mambo yanageuka, sasa hewa iliyopimwa ndio inatoroka nje na mafuta yake yanabaki, moshi mweusi huo. Ukimpelekea mtu wa kutuni, yule anayepanga kompyuta ya injini, ataona vitu viwili vinavyopingana na atakulaumu wewe, mimi nimelipia kutuni mara mbili kurekebisha kitu ambacho hakikuwa kwenye kompyuta kabisa.

Haya, orodha yangu.

Namba moja ni alumini ya kumimina, na sijifichi, naipenda ya kampuni ya GReddy. Niliwahi kuwa nayo kwenye injini nyingine na sikuwahi kuifikiria hata siku moja, na manifodi inatakiwa iwe hivyo hivyo, uisahau. Flanji na mabomba ni kipande kimoja kutoka kwenye kalibu, uso unachongwa mwishoni, hakuna mtu anayekuja kuuchoma moto baadaye. Ndiyo ni nzito, ndiyo ndani ina ukwaruzo. Watu watakwambia alumini inabeba joto, na ni kweli, inapitisha joto mara mia kadhaa kuliko plastiki. Utalisikia ukikaa kwenye foleni injini imechemka. Ila ukiwa umekanyaga, hewa inapita mle ndani haraka mno, haipati muda wa kupata joto la maana, kazi kubwa ya ubaridi ni ya intakula, kile kipoza hewa cha turbo. Ukiona bado linakusumbua weka gasketi nene isiyopitisha joto kati yake na hedi, basi.

Namba mbili, iliyochongwa kutoka kwenye donge zima kwa mashine ya CNC, inayoongozwa na kompyuta. Flanji imenyooka kama kioo, vipande vinafungwa kwa boliti na oringi (pete za mpira), hakuna mshono wa kupinda. Ningeiweka ya kwanza kama sio bei, maana hapo unalipia donge la alumini ambalo sehemu kubwa imeishia kuwa vumbi la kuchongwa sakafuni. Na angalia, wauzaji siku hizi kila kitu wanaita donge zima, flanji tu ndio imechongwa, juu ni bati lile lile.

Namba tatu ni bati la kuchomelea, na ni namba tatu kwa masharti. Ukichomelea alumini ikipoa inajivuta, ncha za flanji zinanyanyuka. Fundi mzuri anatumia flanji nene, anaifunga kwa boliti kwenye chuma kizito wakati anachomelea, halafu anaichonga mwisho. Fundi mbaya anachonga kwanza, anachomelea baadaye, anapiga picha. Kuna jingine: alumini ya aina ya 6061-T6 ikichomelewa, pembeni ya mshono inapoteza nguvu nyingi, sasa chukua ukuta bapa wa tanki la hewa la manifodi, sentimita 40 kwa 20, uupe busti ya bar 1, huo unasukumwa na karibu kilo 800. Kwa bar 2 fanya hesabu mwenyewe. Ndio maana tanki la duara ni bora kuliko la kisanduku.

Kaboni faiba ni namba nne, nzuri kuangalia. Flanji yake kawaida ni alumini iliyogundishwa, na flanji ya nusu mita ikipanda joto digrii 80 inarefuka karibu milimita 1 wakati kaboni karibu haisogei. Gundi ndio inateseka hapo katikati.

Plastiki ya kiwandani: ni nailoni yenye nyuzi za kioo, nusu mbili zimeunganishwa. Kwa busti ya kiwandani iache ilivyo. Ukipandisha sana, au injini ikirudisha moto nyuma siku moja, inapasuka pale pale kwenye mshono. Zile kopi za bei chee zinazoandikwa "staili ya" fulani, pita.

Ukienda kununua beba rula yako na fila geji. Mimi sipokei pengo zaidi ya milimita 0.1. Ukinunua kwa mbali omba picha ya flanji na rula juu yake, utashangaa wangapi wananyamaza ghafla, picha kumi za mbele zinang'aa, ya flanji hakuna hata moja. Aliyeniuzia mimi nilipomtumia ushahidi akanijibu "paka silikoni". Silikoni! Ikikatika kipande kinavutwa ndani kwenye valvu, huyo hajali, kurudisha pesa hataki, na bei ameshapandisha tangu niliponunua mimi.

Yangu nimeipeleka kuskimiwa, yaani flanji kuchongwa inyooke. Silensa imetulia kwenye mizunguko 850 kwa dakika na misi imeisha, ila sasa manifodi imeshuka kidogo na tundu la braketi ya chini halikutani tena na boliti yake, nalipanua kwa tupa jioni hii.