Hawa wa msaada wa sheria hapa Malindi nawapa nyota 4, moja nabaki nayo

Jamani mimi kusifu watu si kazi yangu lakini hii ofisi ndogo ya maparalego (wasaidizi wa sheria wasio mawakili) hapa karibu na korti lazima niiseme, jina sitaji maana mambo yetu bado yako mikononi mwao.

Mdogo wangu alishikwa Ijumaa jioni kwa stage ya tuktuk, kulikuwa na vurugu ambazo wallahi zilimkuta tu amekaa. Ana pumu tangu utotoni na pampu yake ya kuvuta dawa haikuwa mfukoni. Mamangu akaipeleka kituoni, afande wa kaunta akaitia kwa droo akamwambia mama nenda ukalale, huyu anaigiza. Basi ameigiza usiku kucha, mahabusu wenzake wakigonga mlango mpaka mikono ikawauma.

Jumamosi asubuhi nikapigia hii ofisi, mara nne simu haishikwi na mtu (ile nyota moja ilipotelea hapo), ya tano akashika dada mmoja na swali lake la kwanza hata jina langu hakuuliza, "OB mmeandikisha?" yaani kile kitabu cha matukio cha kituo cha polisi. Namwambia tumeongea nao sana, akanambia kuongea hakubaki popote, rudini kaunta mseme anaumwa nini, dawa ililetwa saa ngapi, nani aliipokea, yote yaandikwe na msitoke bila namba. Kisha akaja mwenyewe na boda. Weee! Kalamu ilivyoguswa tu pampu ikatoka kwa droo, na kabla ya adhuhuri tushafika hospitali kijana anavutishwa ile mashine ya mvuke.

Mimi nilikuwa najua saa 24 za kumfikisha mtu kortini ni saa 24, kumbe Katiba kifungu cha 49 inasema zikiishia nje ya muda wa korti zinasogea mpaka siku ya korti inayofuata, kwa hivyo wa Ijumaa jioni ni Jumatatu hiyo, wikendi nzima pumzi yako iko kwa droo ya mtu. Na matibabu ya mahabusu si hisani ya afande, kuna sheria ya 2014 ya watu walionyimwa uhuru, yule dada alinionyesha kwa simu yake.

Saa hii wametuandikia malalamiko ya IPOA, ile mamlaka huru ya kusimamia polisi, na wakatueleza wazi, IPOA inachunguza tu, kushtaki ni uamuzi wa DPP, mkurugenzi wa mashtaka ya umma. Njia ya pili ni kwenda Mahakama Kuu hapa hapa Malindi kwa kuvunjiwa haki, kufungua hakulipishwi ada kwa kifungu cha 22 cha Katiba, na jaji anaweza kuamuru fidia. Karatasi ya hospitali ina saa, OB ina saa, na mamangu anakumbuka saa aliyotoka kupeleka pampu, yale masaa ya katikati ndio kesi yenyewe. Hawakutuahidi ushindi, walisema inaweza kuchukua miaka, na hapo ndipo nikawaamini zaidi.

Hawajatuchaji hata senti ila fotokopi unatoa mwenyewe na benchi la kungojea liko juani, ukienda tangulia asubuhi, Ijumaa mchana hutampata mtu.