Darubini ya kupigia picha sayari Unguja na Pemba: uliza pembe kabla ya kipenyo

Malalamiko yanayonifikia kuhusu darubini yanafanana sana. La karibuni limetoka kwa msomaji wa Wete aliyeagiza, kupitia wakala, darubini yenye stendi ya kiikweta, yaani ile ambayo mhimili wake mmoja ni lazima uelekezwe kwenye ncha ya anga (nukta ambayo nyota zote huonekana kuizunguka) ndipo mota iweze kuifuata nyota. Kioo ni safi na mota ni nzima, lakini mhimili haushuki chini ya nyuzi 15, na Pemba ipo kiasi cha nyuzi 5 tu kusini ya ikweta. Muuzaji hakuulizwa, naye hakusema.

Jambo hili silioni likitajwa katika miongozo ya ununuzi, na kwetu sisi ndilo la kwanza. Ncha ya anga huonekana juu ya upeo kwa kiasi kile kile cha latitudo ya mahali ulipo, kwa hiyo kwa mtu wa Mjini Unguja ipo nyuzi 6 tu juu ya bahari ya kusini. Nyota ya Kaskazini hatuioni, na nyota ya Sigma Octantis iliyo karibu na ncha ya kusini ni hafifu mno hata humezwa na ukungu wa baharini. Stendi ya Celestron Advanced VX, inayosifiwa kila mahali, imetengenezwa kwa nyuzi 7 hadi 77, hivyo Unguja na Pemba zote zimeachwa nje. iOptron CEM26 huanzia 0, na hiyo inatufaa. Tena hata pale mhimili unaposhuka vya kutosha, fimbo ya uzani katika stendi nyingi huja kugonga mguu wa stendi. Wapo wanaoweka ubao chini ya mguu mmoja ili kuinamisha chombo kizima, lakini kwa mzigo mzito juu ya dari la nyumba, upepo wa kusi ukivuma, mimi siwashauri.

Kwa bahati njema picha ya sayari haihitaji stendi ya kiikweta. Hurekodiwa video yenye maelfu ya picha, kisha programu ya bure kama AutoStakkert huchagua zilizotulia na kuziunganisha. Mshtarii hujizungusha kwa muda usiofika saa 10, hivyo video yake haizidi dakika mbili tatu, na stendi ya kawaida inayopanda na kushuka, kulia na kushoto, inatosha kabisa.

Hata hivyo pembe ina upande wa pili. Kwetu sayari hupita juu sana. Zohali, ambayo mwaka 2025 na 2026 ipo karibu na ikweta ya anga (mstari wa angani ulio juu ya ikweta ya dunia), hupita karibu na utosi. Hiyo ni neema, kwa sababu mwanga wake hupenya hewa kidogo, na wala huna haja ya kununua prizimu ya kurekebisha mtawanyiko wa rangi wanayoihitaji watu wa Uingereza. Lakini stendi nyingi hupata tabu pale pale juu: mota hulazimika kuzunguka upesi mno, na kamera inayochomoza nyuma hugonga kitako cha stendi.

Kwa sababu hizo nafasi ya kwanza naipa Sky-Watcher Skymax 127 juu ya stendi ya AZ-GTi, na sifichi kwamba kampuni hii naipenda. Kipenyo ni milimita 127 na urefu wa fokasi ni milimita 1500, kiasi kwamba kwa kamera yenye pikseli za maikromita 2.9 unaweza kuanza bila lenzi ya Barlow, yaani ile ya kuongeza ukuzaji. Stendi huongozwa kwa simu na hutumia umeme wa volti 12. Nunua pamoja nayo nguzo ya kurefusha stendi, ili kamera isiguse miguu darubini ikitazama juu. Kioo chake cha mbele hushika umande, kwa hiyo mkanda wa joto ni wa lazima, na baada ya kazi ihifadhi katika sanduku lisilopitisha hewa pamoja na vifuko vya kukausha unyevu, kwani kuvu ikiota juu ya kioo huweza kukila.

Ya pili ni Skyliner 200P ya Sky-Watcher, ya aina ya Dobson, yaani inayokaa juu ya kitako kifupi cha kuzungushwa. Kioo chake cha milimita 200 huonesha mengi zaidi, na kamera hukaa karibu na mdomo wa bomba la darubini, mbali na kitako. Haina mota, hivyo utaisukuma kwa mkono huku sayari ikikimbia ndani ya picha, na lenzi ya Barlow utaihitaji.

Celestron NexStar 8SE, yenye kipenyo cha milimita 203, naiweka ya tatu, na najua wapo watakaoudhika. Kwa kioo peke yake ingekuwa ya kwanza. Lakini kamera ndefu hugonga kitako darubini inapoinuliwa sana, hivyo mwenye nayo huku kwetu hungoja sayari iwe chini ya nyuzi 60 hivi, na zile saa nne bora za Zohali, mbili kabla ya utosi na mbili baada yake, humpita.

Zile za sanduku lililoandikwa “hukuza mara 525” ziacheni.

Kinachoniumiza ni bei tunayotozwa kwa vitu tusivyovihitaji. Usafirishaji hulipwa kwa kilo, na stendi ya kiikweta huja na vipande vizito vya chuma vya kusawazisha. Msomaji wangu wa Wete amelipia chuma hicho safari nzima hadi kisiwani, na sasa kimekaa chini ya kitanda. Wakala anayechukua fedha ya mwalimu au mvuvi ana wajibu wa kujua bidhaa yake. Kabla hujatuma hata shilingi, mtake akupigie picha kipimo cha latitudo kilicho ubavuni mwa stendi, na kama namba ndogo kabisa iliyoandikwa hapo inazidi 5, mwambie akutafutie nyingine.