Capri Point: mimi nachukua chumba cha upande wa jiwe

Hoteli za Capri Point zinauza ziwa. Picha zao zinafanana zote: kitanda cheupe, pazia limesogezwa pembeni, maji mpaka jicho linapoishia. Na bei inafuata dirisha. Tuliyofikia mimi na mume wangu tulipokwenda Mwanza kwenye harusi ya ndugu yake, chumba kinachotazama ziwa kilikuwa 220,000 kwa usiku na cha nyuma 150,000. Hiyo elfu sabini ya katikati ndiyo imenifanya niandike, maana naona watu wanaitoa tu kwa mazoea.

Kwa asiyeifahamu Mwanza, Capri Point ni kilima kilichojichomoza ziwani, jirani kabisa na mjini. Ndiyo uzunguni kwenyewe. Unapita stesheni ya zamani, ile ya reli ya kati iliyofika hapa 1928, unaendelea mbele kidogo na honi za mjini zinaanza kufifia. Miti mikubwa, kuta ndefu, mageti yenye walinzi, na kila kiwanja kina jiwe lake kubwa kuliko nyumba. Bajaji kutoka katikati ya mji ni safari fupi tu. Kutoka uwanja wa ndege ni kama kilomita kumi, na jioni Kirumba ina foleni, kwa hiyo mwenye haraka apige hesabu mapema.

Tulikuwa tumeomba chumba cha ziwa kwa simu. Tulipofika, kijana wa mapokezi akaanza na heshima zote.

"Shikamoo mama. Samahani sana, vya ziwa vimejaa, kimebaki cha nyuma."

"Nyuma ya nini?"

"Nyuma kwenye jiwe, mama. Lakini kizuri, utakipenda. Na bei yake tunawawekea ileile ya nyuma."

Mume wangu alishaanza kununa. Mimi nikasema tukaone kwanza.

Dirisha lilitazamana na mwamba, hatua chache tu, mkubwa wa kufunika ghorofa mbili, na mwembe umeufunika kwa juu. Asubuhi jua likiupiga ubavuni wanatoka mijusi. Mwanza ina mjusi wake ambaye dume ana kichwa na mabega mekundu ya kuelekea zambarau, na kuanzia kiunoni ni bluu tupu. Alikaa kwenye ukingo wa jiwe akipiga pushapu, anashuka anapanda, anatazama huku na huku, na jike lake la rangi ya kahawia likijifanya halijamwona. Mtoto wa wifi yangu alipokuja kututembelea alimwita Spiderman na hakutaka tena kuondoka dirishani. Nilikunywa chai nzima nikiangalia ugomvi wa madume wawili wakigombea kipande cha jiwe kisichozidi sinia.

Wifi mwenyewe alikuwa na chumba cha ziwa, ghorofa ya juu, kwa hiyo nilikikagua nitakavyo. Sikatai, ni kizuri. Unaona kisiwa cha Saanane, ambacho ni hifadhi ya taifa tangu 2013, na jua linazama ng'ambo, juu ya vilima vya Sengerema. Lakini dirisha la kutazama machweo maana yake ni dirisha la magharibi. Kuanzia saa tisa alasiri jua linaingia mpaka kitandani, kiyoyozi kinahema, pazia linafungwa. Sasa ziwa ulilolipia liko nyuma ya pazia. Usiku muziki wa baa ya jirani unakuja juu ya maji moja kwa moja, hauna cha kuuzuia. Na kuna wale wadudu wadogo wa ziwani wanaonyanyuka kama moshi, hasa mwezi unapoandama. Hawaumi, ila wakifuata taa ya baraza hukai nje. Wifi alizima taa, akaja kukaa kwetu.

Nisiupambe mwamba kupita kiasi. Jiwe lisilo na kivuli linameza jua mchana kutwa na kulitema usiku, ukilala karibu yake unaoka. Kwa hiyo ukiuliza chumba cha nyuma, uliza na mti. Chetu kiliokolewa na mwembe. Intaneti kule nyuma ilikuwa inasuasua, na maji ya moto yalihitaji kuvumiliwa mpaka yafike. Halafu ngazi: wamezipitisha katikati ya mawe, zinapendeza kwenye picha, lakini hazina mahali pa kushika. Mama mkwe tulimshusha kwa kumshikilia mikono yote miwili. Ukiwa na mzee, omba chumba cha chini na usikubali jibu la "si mbali".

Chakula cha jioni kilichukua zaidi ya saa nzima. Sato wa kukaanga alipofika alikuwa mzuri, ngozi inavunjika, ndani laini, ndimu na pilipili pembeni, ugali wa moto. Nilimsamehe mpishi, mhudumu bado. Kifungua kinywa ndiyo walikifanya vizuri: mihogo, maharage ya nazi, matunda, chai ya maziwa iliyochemshwa na tangawizi, siyo ile ya kuchanganyiwa mezani. Umeme ulikatika usiku mmoja, jenereta ikawaka kabla sijapata tochi ya simu. Kitanda kina neti, na neti haina matundu. Nilikagua, maana Kanda ya Ziwa malaria si ya kufanyia mzaha. Kuogelea nako ni bwawani kwao tu. Ziwani kuna kichocho, hata maji yavutie vipi.

Usafi, nyota tano. Utaratibu wa mezani, tatu. Machweo tuliyaona kila jioni kutoka baraza la mgahawa, kwa bei ya soda mbili, kisha tukapanda kulala penye ubaridi. Mume wangu ameshawapigia kwa ajili ya Desemba. Nimemsikia mwenyewe akiomba kile chenye mwembe.