NDIS ya Australia: nani anapita mlangoni, na akishapita analipiwa nini

Kama huduma, NDIS, mpango wa Australia wa kuwalipia msaada watu wenye ulemavu, ina sifa moja ambayo mipango mingi ya serikali haina: haiulizi kipato chako. Mwenye kampuni na asiye na kazi wanapimwa kwa kipimo kimoja, na ukikubaliwa, pensheni ya ulemavu unayopokea Centrelink, ofisi ya serikali ya malipo ya ustawi, haiguswi. Ubaya wake ni kwamba inaamua kwa karatasi, na karatasi inayoitaka siyo ile ambayo madaktari wengi wamezoea kuandika. Mtu anayeonekana wazi hajiwezi hukataliwa kwa sababu barua yake inaeleza ugonjwa, haielezi anaishije nao.

Jina linasema ni bima ya taifa ya ulemavu, lakini hakuna ada unayochangia. Imeundwa kwa sheria ya mwaka 2013 na inaendeshwa na wakala wa serikali kuu.

Tuanze na viza, maana hapo ndipo uvumi ulipojaa. Anayeingia ni raia wa Australia, mwenye viza ya ukazi wa kudumu, au raia wa New Zealand mwenye viza ya kundi maalumu linalolindwa kisheria. Waliokuja kutoka kambi za Tanzania, Kenya au Uganda kwa viza ya kibinadamu namba 200 au 204 ni wakazi wa kudumu tangu siku walipotua, kwa hiyo wanaweza kuomba hata wiki ya kwanza. Wengi husubiri bure kwa sababu wameambiwa lazima ukae miaka 10. Hiyo miaka 10 ni habari ya pensheni ya Centrelink, na hata huko mkimbizi amesamehewa. Mwanafunzi, mwenye viza ya kazi ya muda na aliye kwenye viza ya kusubiria hawaingii, hata ulemavu uwe mzito kiasi gani.

Umri: ombi lazima lifike kabla hujatimiza miaka 65. Unaohesabiwa ni umri ulio kwenye hati zako, na hili linawauma wazee wetu walioandikiwa tarehe 1 Januari kambini kwa sababu hakuna aliyekuwa na cheti cha kuzaliwa. Kama hati inasema mzee ana miaka 64 na miezi 10, acha mengine yote upige simu leo. Aliyeingia kabla ya 65 anaweza kubaki ndani hata akizeeka zaidi. Aliyechelewa anaelekezwa kwenye huduma za wazee, My Aged Care, ambako si kila kitu cha NDIS kinapatikana.

Sasa ulemavu wenyewe. Sheria inataka mambo mawili yakutane. La kwanza, hali iwe ya kudumu, maana yake hakuna tiba iliyobaki ambayo kwa kawaida ingeiondoa. Daktari akiandika "tutaangalia baada ya upasuaji" au "anaweza kupata nafuu akiendelea na dawa", ameufunga mlango bila kujua. Kwa ulemavu unaotokana na maradhi ya akili, wakiwemo waliovunjwa na vita, hapa ndipo penye ugumu zaidi. Barua itaje dawa zilizotumika, kwa muda gani, ushauri nasaha uliofanyika, na kwa nini hakuna kilichobaki cha kujaribu.

La pili ni uwezo kupungua kwa kiwango kikubwa katika angalau eneo moja kati ya sita: kuwasiliana, kuchangamana na watu, kujifunza, kutembea, kujihudumia mwili, na kujisimamia mambo yako. Moja linatosha, ila lithibitishwe vizuri. Wakala una orodha ya hali ambazo hazihitaji ubishi mwingi, kama usonji wa ngazi ya 2 au 3, au ulemavu wa akili wa kiwango cha kati kwenda juu. Hali nyingine nyingi zinahitaji ushahidi wa utendaji.

Tazama tofauti. Barua ya kwanza: "Mgonjwa alipata kiharusi mwaka 2021, upande wa kushoto ni dhaifu, anatembea kwa shida." Barua ya pili: "Hawezi kuingia bafuni bila kushikwa. Kuvaa shati humchukua dakika 30 na vifungo hufungwa na mtu mwingine. Ameanguka mara 3 ndani ya miezi miwili. Hawezi kukata chakula kwa mkono mmoja. Mazoezi ya viungo yalifanyika miezi 18 na maendeleo yamekoma." Mtu ni yuleyule. Ya pili ndiyo inayopita, na anayejua kuiandika mara nyingi si daktari wa familia, ni mtaalamu wa tiba kazi, anayeshughulikia uwezo wa kufanya shughuli za kila siku, au wa viungo. Mpelekee fomu ya ushahidi mapema, na uombe nafasi ndefu ya miadi, kwa sababu dakika 15 hazitoshi kuyasema haya.

Halafu kuna adabu yetu, ambayo inatuponza. Mtathmini anauliza, "Unaendeleaje?" Mama anajibu, "Nzuri, namshukuru Mungu." Anauliza kama anaoga mwenyewe, anasema ndiyo, kwa kuwa kusema anaogeshwa na binti yake mbele ya mkalimani mwanamume ni aibu. Kwenye fomu inaandikwa anajiweza. Kumuogesha mzazi kwetu hakuna anayekuita huduma, ni wajibu wa mtoto, lakini fomu haijui hilo. Jibu kwa kueleza siku mbaya, na useme nani anafanya nini, mara ngapi kwa siku. Omba mkalimani wa jinsia unayoitaka. Usimtumie mtoto wako kutafsiri. Atakuficha mambo, au utamficha.

Kuomba kwenyewe hakuna gharama. Piga 131 450, namba ya wakalimani, sema "Swahili", kisha uombe uunganishwe na NDIS kwa 1800 800 110. Kama Kiswahili chako ni cha Bukavu na unayempata anaongea cha Unguja tupu na hamwelewani, sema mara moja, wabadilishe. Unaweza pia kwenda ofisi ya mratibu wa NDIS wa eneo lako wakusaidie kujaza. Kwa mtoto aliye chini ya miaka 9 kuna njia yake ya utotoni, na aliye chini ya miaka 6 mwenye kuchelewa kukua anaweza kuingia kabla jina la ugonjwa halijajulikana. Wakishapata kila karatasi, wana siku 21 za kujibu au kuomba nyongeza. Saa inaanza pale faili linapokamilika, kwa hiyo tunza nakala na tarehe ya kila ulichotuma.

Ukikubaliwa, pesa haziingii mfukoni. Unapewa mpango wenye mafungu. Fungu la msingi ni la msaada wa kila siku: kuoga, kuvaa, kutoka nje, nepi za watu wazima. Fungu la kujenga uwezo hulipia tiba ya kuongea, tiba kazi na mafunzo. La mtaji ni la vifaa vikubwa na kurekebisha nyumba. Fedha za kuhamisha huku na huku ni zile za msingi tu, kwa sehemu kubwa; za kiti cha magurudumu haziwezi kugeuzwa kuwa saa za mlezi. Kifaa kisichozidi dola 1,500 ni rahisi kununua. Kikipita dola 15,000, jiandae na ripoti ya tathmini, na subira.

Tangu 3 Oktoba 2024 kuna orodha ya kisheria ya vinavyolipiwa na visivyolipiwa. Havilipiwi: kodi ya nyumba, chakula cha kawaida, bili za umeme, dawa, matibabu ya hospitali, mwalimu wa shule. Hivyo vina wenyewe: Medicare (bima ya afya ya serikali), jimbo, au mfuko wako. Hata kupiga ramli kwa kadi kumetajwa kwa jina, kwa hiyo mganga asihangaike kuandaa ankara. Ukitumia vibaya unaweza kudaiwa urudishe, na kisingizio cha "mtoa huduma aliniambia inaruhusiwa" hakitakusaidia sana.

Chaguo linalostahili kufikiriwa ni nani ashike hela. Wakala ukishika, unabanwa kutumia watoa huduma waliosajiliwa tu. Ukishika mwenyewe una uhuru mkubwa kuliko wote, lakini risiti zote uzihifadhi miaka 5. Katikati yuko msimamizi wa fedha wa kulipwa: anapokea ankara, analipa, na unaruhusiwa kumtumia mlezi asiyesajiliwa, mathalani mama wa jirani anayeongea Kirundi. Ada yake ina fungu lake, haikatwi kwenye saa zako. Kwa mgeni wa mfumo huu, hilo la tatu ndilo bora, bila ubishi. Jihadhari tu na kampuni moja inayotaka kuwa mratibu wa huduma zako, mlezi wako na mwenye nyumba wako kwa pamoja. Hapo hakuna atakayekuambia kwamba saa zako za huduma zinaliwa.

Fedha za mpango sasa hugawanywa kwa vipindi, mara nyingi vya miezi mitatu. Kilichobaki kinasogea kipindi kinachofuata, lakini mpango ukiisha hakihamii kwenye mpya. Kosa la kawaida ni kubana matumizi "ili zitufae mwakani". Hazitakufaa, na mtu wa tathmini atauliza kama kweli ulizihitaji.

Ukinyimwa, au ukipewa pungufu, una miezi 3 kuomba uamuzi uangaliwe upya na mtu mwingine ndani ya wakala. Usirudie barua ileile. Ongeza ripoti inayojibu sababu iliyoandikwa kwenye kukataliwa kwako, neno kwa neno. Ikishindikana, una siku 28 kwenda kwenye baraza la rufaa, Administrative Review Tribunal, na kuna watetezi wa wenye ulemavu wanaosaidia bila malipo. Nafasi zao hujaa, hivyo mtafute siku barua inapofika, si siku ya 27.

Na kwa wanaopanga kwenda kusalimia Bujumbura au Kigoma: mpango unaendelea kwa wiki 6 ukiwa nje ya nchi, kisha unasimamishwa hadi urudi, isipokuwa wakala umekubali kuongeza muda. Waambie kabla ya kukata tiketi, na upate jibu lao kwa maandishi.