Bash na majibu yanayopotea njiani: uzoefu wangu

Naipa Bash, sheli (programu inayopokea amri za maandishi na kuziendesha), nyota nne kati ya tano kwa kazi ya kupokezana majibu ya mtumiaji kati ya skripti, yaani mafaili ya amri, na hiyo moja niliyoibana nitaieleza.

Nilikuwa na skripti mbili. Ya kwanza, uliza.sh, ilimwuliza mtumiaji ni folda gani inakiliwe. Ya pili, nakili.sh, ilifanya kazi yenyewe. Nikaandika `read folda`, amri inayohifadhi jibu katika kigeu (jina linalobeba thamani) kiitwacho folda, na mstari uliofuata nikaita `./nakili.sh`. Skripti ya pili ikakuta patupu. Hapakuwa na kosa wala onyo: Bash ikikutana na kigeu kisichokuwepo hukihesabu kuwa neno tupu na kuendelea na safari yake. Hapo ndipo nyota ilipodondoka. Siku hizi skripti zangu zote huanza na `set -u`, ili zikatike papo hapo zikigusa kigeu ambacho hakijapewa thamani.

Skripti ikiitwa namna ile huendeshwa katika mchakato wake yenyewe, na kigeu hakiendi huko bila `export folda`. Hata hivyo kinachokwenda ni nakala. Mtoto, yaani skripti iliyoitwa, akiibadilisha, mzazi aliyeiita hana habari.

Nikahamia kwenye `source`, ambayo husoma skripti ya pili ndani ya sheli ileile, vigeu vikionekana pande zote mbili. Niliipenda kwa wiki moja. Kisha nakili.sh ikafika kwenye `exit 0` na kuifunga uliza.sh pamoja nayo, kazi ikiwa nusu.

Njia niliyobaki nayo ni ya hoja, yaani maneno yanayofuata jina la skripti inapoitwa: `./nakili.sh "$folda"`, na upande wa pili napokea kwa `"$1"`. Hizo alama za nukuu si pambo. Kuna mtu aliandika Picha za Harusi wakati nilikuwa sijaziweka. Skripti ikapokea hoja tatu, ikashika Picha na kuziacha mbili. Nashukuru ilikuwa inanakili, haikuwa inafuta. Tangu hapo kila skripti naipitisha kwenye ShellCheck, programu ya kukagua skripti, ambayo hunigombeza kwa onyo la SC2086 nikisahau nukuu na SC2162 nikiandika `read` bila `-r`. Bila `-r`, alama ya \ katika jibu la mtumiaji humezwa.

Nenosiri sipitishi kwa hoja. Kwenye mifumo mingi, mtumiaji mwingine wa mashine hiyo akiandika `ps` anaweza kuliona. Hilo nalisoma kwa `read -rs`, ndani ya skripti ileile inayolihitaji.

Kurudisha jibu nyuma ndiko kulikonichekesha zaidi. Niliandika `folda=$(./uliza.sh)`, terminali ikanyamaza kabisa. Nilidhani imeganda, kumbe yenyewe inanisubiri mimi. Swali nilikuwa nimeliandika kwa `echo`, na `$( )` hukusanya kila ambacho skripti inatoa kwenye njia ya kawaida ya matokeo, kwa hiyo swali na jibu viliingia pamoja ndani ya kigeu. Dawa yake ni fupi: `read -rp "Folda gani? " folda`. Swali la `-p` hupita njia nyingine, ile ya ujumbe wa makosa, hivyo linaonekana kwenye skrini, na kinachokusanywa ni jibu peke yake, ukimaliza kwa `printf '%s\n' "$folda"`.

Kilichobaki kunikera ni bomba, alama ya `|` inayopeleka matokeo ya amri moja kwa amri nyingine. `echo "$jibu" | read -r folda` hufanya kazi kwenye zsh, sheli nyingine, lakini Bash huiendesha `read` hiyo katika sheli ndogo inayokufa na kigeu chake. Tangu toleo la 4.2 kuna `shopt -s lastpipe`, inayoiendesha amri ya mwisho ya bomba katika sheli ileile, ila ukiijaribu moja kwa moja kwenye terminali haishiki, kwa sababu huko udhibiti wa kazi (job control) umewashwa. Mimi naandika `read -r folda <<< "$jibu"` na bomba nimeachana nalo.