Mafunzo ya uhamasishaji wa mazingira kwa waliotoka chuo: uzoefu wangu

Kozi ni ya miezi mitatu, Pwani ya Kenya. Mwezi wa kwanza ni darasani, iliyobaki ni vijijini kati ya Kwale na Kilifi. Wanachukua waliomaliza diploma au shahada ya fani yoyote. Posho ya mwezi inatosha nauli na chakula. Kodi ya nyumba jitafutie. Sehemu ya nyanjani ningeilipia hata ingekuwa na ada. Ya darasani, nusu yake ingefutwa na hakuna ambaye angelalamika.

Muda mwingi wa darasani unaliwa na mabadiliko ya tabianchi, hewa ya ukaa na mikataba ya kimataifa. Aliyesoma sayansi ya mazingira anarudia ya mwaka wa kwanza, na aliyesoma biashara anatoka na maneno mazito asiyojua ayapeleke wapi. Madhara yanaonekana baadaye: mhitimu anasimama mbele ya watu waliozaliwa ndani ya mikoko na kuanza kuwaeleza faida za mikoko. Kijiji cha Gazi, Kwale, kina mradi wake wa Mikoko Pamoja tangu 2013, wanalipwa kwa hewa ya ukaa inayohifadhiwa na mikoko yao. Watu kama hao ukiwaendea watakuuliza fedha zinagawanywa vipi na nani anashika daftari, na hapo slaidi hazikusaidii.

Siku za sheria ndizo zilizolipa darasa lote, kwa sababu barua zinaandikwa kweli. Ya kwanza ni ya kuomba taarifa kwa Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016: unaruhusiwa kuiandika kwa Kiswahili, na ofisi ina siku 21 za kujibu. Omba hati moja kwa jina lake, mfano ripoti ya tathmini ya athari za mradi fulani. Ukiomba "taarifa zote kuhusu uchafuzi" umewapa sababu ya kukuzungusha. Ya pili ni notisi ya mkutano wa hadhara au maandamano, inayokwenda kwa OCS (mkuu wa kituo cha polisi) si chini ya siku 3 wala zaidi ya siku 14 kabla. Inataka jina na anwani ya mwandalizi, tarehe, saa, na mahali au njia mtakayopita, yote yawe kati ya saa 12 asubuhi na saa 12 jioni. Wengi hupeleka nakala moja. Peleka mbili, moja igongwe muhuri na urudi nayo, siku ya kuulizwa "nani amewaruhusu?" karatasi hiyo ndiyo mdomo wako.

Kesi ya Lamu inafundishwa vizuri. Leseni ya mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 ilitolewa 2016, na Jopo la Kitaifa la Mazingira likaifuta tarehe 26 Juni 2019. Sababu kubwa ilikuwa ushirikishaji wa umma: mikutano ilifanyika mapema kutambulisha mradi, lakini utafiti ulipokamilika watu hawakurudishiwa matokeo yake. Ndiyo maana mkufunzi anakazania kumbukumbu za mkutano ziandikwe papo hapo: nani aliongoza, lugha gani ilitumika, hati gani ilionyeshwa, nani aliuliza nini na akajibiwaje. Rufaa ina muda wa siku 60 tangu uamuzi, na kijiji kinachoanza kukusanya kumbukumbu baada ya leseni kutoka kimeshachelewa.

Nyanjani kazi inaanza na mazungumzo ya ana kwa ana, dakika 30 hadi 45, nyumbani kwa mtu au bandarini. Sheria yake ni kusikiliza zaidi ya kusema, na kutoondoka bila kuomba jambo moja lenye siku na saa. "Karibu siku moja kwenye kikundi" si ombi. "Mama Zuhura, utakuja Jumamosi saa kumi pale msikitini na jirani yako mmoja?" hilo ni ombi. Jibu la "nitajaribu" andika hapana. "Inshallah" nayo, kwa heshima zote, isikilize sauti ilivyotoka kabla ya kuihesabu.

Hesabu ya mahudhurio ni ya kukadiria, lakini inafanya kazi: nusu ya waliosema ndiyo hawatokei. Ukitaka watu 40, tafuta ndiyo 80, na ili upate 80 utaongea na watu wapatao 200. Kisha piga simu jana yake na asubuhi yenyewe. SMS ya kundi haihesabiki. Bajeti ya kredi ya kozi haikulingana na hesabu hii hata kidogo, na marejesho ya nauli yalichelewa hadi wengine wakapunguza ziara. Hilo ni kosa la kupanga, kwa sababu mbinu nzima imesimama juu ya simu na miguu.

Ratiba ya kozi pia imepangwa na mtu anayetazama kalenda ya ukutani, ya mwezi hana habari nayo. Mkutano ukiangukia bamvua, siku ambazo maji hujaa na kutoka sana, akina mama wanaotafuta pweza wako mwambani maji yakitoka, na wavuvi nao wana mambo yao. Maji mafu, siku ambazo maji hayatoki sana, ndiyo wakati. Ijumaa mchana usiguse. Kwa akina mama, baada ya Alasiri na kabla ya kupika. Hakuna mkufunzi aliyeyasema haya. Mwenyekiti wa BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo, anayajua yote ukimuuliza.

Zoezi la ramani ya mamlaka linafanywa kwenye karatasi ya manila: juu wenye nguvu, chini wasio nazo, kushoto wanaopinga, kulia wanaounga mkono. Kila kundi hukosea palepale, wanaandika "serikali" kama jiwe moja. Andika cheo kwa cheo: chifu, mwakilishi wadi, afisa wa mazingira wa kaunti, OCS. Mara nyingi wawili kati yao hawaelewani, na hapo ndipo pa kuingilia.

Kasoro mbili ni nzito. Moja ni posho za vikao. Vijiji vimezoeshwa na miradi kulipwa kwa kukaa kwenye kiti, na kozi inakutuma bila jibu. Kinachofaa ni kusema mapema, kwenye ziara ya kwanza, kwamba hakuna posho. Ukisema mlangoni siku ya mkutano umeharibu. Ya pili ni daftari la majina na simu. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka mtu ajue unachukua taarifa zake kwa kazi gani, lakini tulipewa fomu isiyo na sentensi hata moja ya ridhaa, na karatasi zikapigwa picha na kurushwa WhatsApp. Kwenye mgogoro wa ardhi au kiwanda, orodha hiyo ikifika mikono mibaya ni hatari kwa watu.

Ukiitwa kwenye usaili, uliza nani atakusimamia nyanjani na mara ngapi kwa wiki, na miezi mitatu ikiisha daftari linabaki kwa nani kijijini. Wakijibu kwamba linarudi ofisini, kikundi utakachokijenga kitaondoka na wewe kwenye matatu.