Noah ya Mtwara kwenda Lindi, ile inayoongea Kijapani

Habari za saa hizi wadau, leo naleta rivyuu ya usafiri tu, wala sio kitu kikubwa, ila nimeshuka Lindi tangu jana mchana na ile sauti mpaka sasa haijanitoka kichwani. Ni Noah ya silva, zile zinazokula vichwa Mtwara Lindi, namba sitaji na jina la dereva siweki maana sijamuomba ruhusa, we ukifika stendi ulizia Noah ya Mjapani, wapiga debe wote wanaijua.

Nianze na kasoro nisije nikasahau. Niliambiwa "bado kichwa kimoja tu tunaondoka", nikakaa saa moja na dakika ishirini, nadhani hicho kichwa kimoja kilikuwa bado kinazaliwa. Mi nimekaa Nagoya, Japani, miaka minne, nilienda 2009 kwa skolashipu nina miaka 22, kule treni ikichelewa wanakupa kikaratasi cha kuthibitisha imechelewa ukampe mwalimu au bosi wako, chien shoumeisho wanakiita, sasa nikawa nawaza hapa stendi wakianza kugawa hivyo vikaratasi mikorosho yote ya Mtwara itageuzwa karatasi. Halafu siti ya nyuma kabisa imetengenezwa kwa Wajapani watatu, tulikaa wanne, mmoja bibi mwenye ndoo, na ndoo nayo ilikuwa na paja langu. Eisii ipo, inafanya kazi vizuri, ila inawashwa mkishalalamika mara mbili. Nauli imezidi ya basi kwa buku tu kwa hiyo hapo sina neno.

Basi gari likajaa, dereva akazungusha funguo, hata handbreki hajatoa, dada akaongea kwenye dashibodi: "ETC kaado ga sounyuu sarete imasen." Na mi bila kufikiria, kwa sauti kabisa, nikajibu "hai hai", yani ndio ndio, nimesikia.

Konda akageuka. "Anko unasemaje?"

Nikasema hamna kitu. Nikaangalia dirishani, maana nilijua nikiongea tu sauti itakwama.

Hiyo hai hai nimeirithi kwa mzee mmoja aliyekuwa na kimgahawa cha jioni, izakaya, ambapo nilikuwa naosha vyombo. Mwanafunzi mgeni kule unaruhusiwa kufanya kazi masaa 28 kwa wiki na kibali uwe nacho, na mi yale 28 nilikuwa nayatumia yote mpaka vidole vinachubuka. Wote tulimwita Taishou, kama mkuu wa jiko hivi. Siku ya kwanza nimemaliza kazi, saa tano usiku, sielewi lugha, sijui hata kama wamenipenda au wananivumilia, kila mtu ananipita anasema "otsukaresama". Nikaenda kuitafuta kwenye kamusi nikakuta maelezo marefu ya Kiingereza, wanahangaika tu, mi nikaelewa palepale, hii si ndo pole na kazi! Yani nimesafiri huko kote nimekuta watu wanapeana pole na kazi. Usiku ule ndo mara ya kwanza nililala vizuri tangu nitue.

Siku nyingine akaniuliza nini nakikumbuka zaidi nyumbani. Kijapani changu kilikuwa cha kuungaunga, nikatafuta maneno sikuyapata nikasema tu "umi", bahari. Hakujibu, akaendelea kukata vitunguu. Siku mgahawa umefungwa akaja kunichukua na Noah yake nyeupe, tukaenda mpaka Utsumi, huko chini kwenye rasi ya Chita, mwezi wa pili, baridi inakata masikio, ufukweni hakuna hata mbwa. Tulikaa ndani ya gari hita imewashwa tunakula onigiri, yale matonge ya wali, tunaangalia maji. Bahari ya kijivu, haina mtumbwi wala harufu ya dagaa, na mi nilifurahi kama mtoto wa Shangani kapewa hela ya sikukuu.

Sasa ile ETC ni kadi ya kulipia barabara za kulipia, unaichomeka kwenye kidude kwenye gari, ukifika getini unapunguza mwendo mpaka 20 hivi na geti linafunguka lenyewe husimami. Usipochomeka, ukiwasha gari tu dada anakukumbusha. Taishou alikuwa hachomeki. Kila akiwasha dada anasema na yeye "hai hai" vile unavyomjibu mkeo kuhusu bomba linalovuja, halafu anafika getini ndo anaanza kujipapasa mifukoni huku nyuma yetu foleni.

Tukafika Mikindani, pale barabara inapokuonyesha maji, konda akashindwa kuvumilia. "Anko, we unakijua hiki Kijapani eeh? Huyu dada huwa anasemaje? Sisi tunajua anasema karibuni." Abiria mwingine akadai anasema fungeni mikanda. Nikawaambia anasema kadi ya kulipia barabara haijawekwa. Kimya. Halafu jamaa wa mbele akasema, "Kumbe anadai! Miaka yote hii anadai tu, huyu ni kausha damu," gari zima likaangua kicheko mpaka dereva akapunguza mwendo.

Hapo ndo nikawa mkalimani rasmi. Kuna stika ya oili kwenye mlango, dereva akataka kujua imeandika nini, nikamsomea kwamba oili ibadilishwe ikifika kilomita 68,000. Dashibodi inasoma laki mbili na kitu. Akasema "basi nimechelewa kidogo." Kwenye kioo, kando ya tasbihi, kaning'iniza kifuko kidogo cha kitambaa cha maua alichokikuta kwenye droo siku anachukua gari, alijua pambo. Nikamwambia hiyo ni omamori, imeandikwa usalama barabarani, watu wanazichukua hekaluni. "Kumbe hirizi!" Mmoja akasema itupwe dirishani sasa hivi. Bibi wa ndoo akamkata, "Iache mwanangu, mwenye gari kaiaga nayo." Ikabaki.

Na wale mnaojiuliza kwanini redio za haya magari hazishiki stesheni zetu mpaka fundi awafungie ekspanda, FM ya Japani inaanzia 76 na redio za zamani zinaishia 90, zetu nyingi ziko juu ya hapo. Fundi hajakuibia.

Mnazi Mmoja, pale inapochepuka barabara ya Masasi, "dakika kumi" zikawa dakika ishirini na tano, watu wamejaa kwenye samaki wa kukaanga. Mi nilishuka, nikazunguka nyuma ya gari kuangalia bampa kama lina kovu pale Taishou aliposugua nguzo ya maegesho 2011. Najua yake ilikuwa nyeupe, hii silva. Niliangalia tu. Halikuwa nalo.

Tukapanda. Dereva kawasha. Dada: "ETC kaado ga sounyuu sarete imasen." Na gari zima, watu tisa na konda, "HAI HAI!" Bibi ndo kawashinda wote.

Kushuka Lindi dereva ananiambia mwezi ujao anafunga redio ya Android ya kutachi na fundi kamwambia atamtoa na huyo dada. Nikamwambia kaka, kile kidude hakihusiani na redio, mwambie fundi akiache hapohapo. Akasema ataangalia.

Nyota nne. Ya tano nimeikata kwa ile saa moja na dakika ishirini. Ila kama mnataka kumsikia dada wahini, mwezi ujao sio mbali.